Chumba cha 85,000 Kariakoo: Unalipia Nini Hasa?

Saa tisa usiku, ghorofa ya nne, nimejipaka sabuni mwili mzima, maji yakakatika. Basi langu la Iringa lilikuwa linaondoka stendi ya Magufuli kule Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, na kutoka Kariakoo hadi Mbezi ni zaidi ya kilometa 20, kwa hiyo nilitakiwa niwe nimeshatoka kabla ya saa kumi na moja. Nikapiga simu mapokezi. Ikaita mpaka ikakata. Nikajifuta sabuni kwa taulo, nikavaa hivyohivyo, nikabeba begi langu. Ngozi ilinivuta njia nzima mpaka tunapandisha mlima Kitonga.

Chumba kile nilikilipia shilingi 85,000. Ni hoteli ya hadhi ya kati, si mbali na Mtaa wa Msimbazi, ina lifti, marumaru zinang'aa mapokezi, runinga kubwa ukutani. Usiku ule ulinifundisha mengi kuliko safari zote za nyuma, na kwa kuwa wenzangu wengi wa mikoani wanaokuja Dar kuchukua mzigo huniuliza walale wapi, nimeona niyaandike.

Mimi ninauza vyombo na mapazia Iringa. Nakuja Kariakoo mara nne au tano kwa mwaka tangu 2014. Nilianza na gesti za choo cha nje, ile ya kutoka na ndoo na kandambili usiku wa manane, kwa sababu mtaji ulikuwa mdogo na kila shilingi ilikuwa ya mzigo. Sijutii. Lakini mwaka mmoja nililala mahali ambapo jenereta lilinguruma chini ya dirisha hadi alfajiri. Asubuhi yake nilikuwa natembea kama mgonjwa. Nikapokea marobota ya mapazia bila kuyafungua, nikalipa, nikafunga mzigo. Nilipofika Iringa nikakuta mawili rangi siyo niliyoagiza. Nilipoteza kama 140,000 kwa sababu nilitaka kuokoa 25,000 ya chumba. Tangu hapo nilibadilisha hesabu zangu. Mtu wa biashara anayelala hotelini Kariakoo ananunua akili yake ya kesho yake. Chumba kikikunyima usingizi, hata kiwe cha 30,000 ni ghali.

Sasa shida ya hoteli za kati ni kwamba pesa nyingi huwekwa pale mgeni anapoangalia kwanza. Mapokezi yanapendeza, lifti ina kioo, shuka limekunjwa umbo la bata. Yale yanayokuuma saa tisa usiku hayaonekani ukiwa umesimama kwenye kaunta. Kwa hiyo mimi silipi kabla ya kuona chumba. Mazungumzo huwa mafupi tu.

"Shikamoo mama, karibu sana."

"Marahaba mwanangu. Kuna chumba cha mtu mmoja?"

"Kipo mama. 85,000, pamoja na chai ya asubuhi."

"Naomba nikione kwanza."

Mahali pazuri watakupa mtu akupandishe mara moja. Wakianza kukuambia vyumba vyote viko sawa, au ufunguo uko kwa msafishaji na msafishaji ametoka, geuka uende zako. Kariakoo haijapungukiwa hoteli.

Ukiingia chumbani, anza na bafu. Fungua bomba liache litiririke wakati unaangalia mengine. Vuta maji ya choo, subiri uone kama tangi linajaa tena. Maghorofa mengi pale yanapandisha maji kwa pampu hadi kwenye matenki ya juu ya paa, halafu maji yanashuka yenyewe. Ndiyo maana chumba cha ghorofa ya mwisho, kilicho karibu na tenki, mara nyingi maji yake yanatoka kinyonge kuliko ya chini, mtu anashangaa. Na chumba hichohicho kinapigwa na jua la paa mchana kutwa. Ghorofa ya kwanza nayo iko juu ya maduka, kuanzia asubuhi ni mageti ya chuma kuburuzwa na makuli kupiga kelele za kuomba njia. Mimi nataka ya pili au ya tatu.

Halafu nauliza swali ambalo nililipata kwa gharama ya ule usiku wa sabuni. Nilipofika nyumbani niliwapigia simu wale wa hoteli, kwa upole, nikataka kujua tu kilichotokea. Kijana wa mapokezi akaniambia ukweli: pampu huwa inazimwa saa sita usiku ili kupunguza umeme, na ufunguo wa chumba cha pampu anao fundi, ambaye halali pale. Tenki likiisha usiku, basi mpaka asubuhi. Kijana hakuwa na kosa lolote, alikuwa peke yake zamu nzima na simu ilipoita alikuwa amempeleka mgeni juu. Lakini tangu siku ile, kila hoteli ninayoingia nauliza: "Pampu ya maji mnaizima saa ngapi?" Mtu anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Mwingine atakutazama kama umeuliza jambo la ajabu, na hapo nawe utakuwa umejibiwa.

Dirisha ni jambo la pili, na hapa sisemi liwe na mandhari. Pitisha kidole kwenye kizingiti cha chini cha dirisha. Kikitoka cheusi, masizi ya mafuta, jua kwamba jenereta au moshi wa barabara uko hapo chini. Vumbi la kawaida ni jekundu au kijivu, halinisumbui. Weusi ule unaniambia mengi. Chumba cha mbele kinakupa kelele za honi na matangazo ya spika za maduka, cha nyuma kinaweza kuwa kimya kama kijijini au kinaweza kuwa juu ya jenereta lenyewe. Uliza liko upande gani.

Kiyoyozi kwa sisi wa Iringa si anasa. Nyumbani tunalala na blanketi, tunafika Dar mwezi wa pili, usiku mtu unalowa shuka. Kiwashe ukiwa bado na mhudumu, weka mkono, subiri dakika tano. Kinachopuliza hewa bila kupoza utakigundua hapohapo. Kisikilize pia, maana kuna vinavyotikisika kama mashine ya kusaga. Maji ya moto, kwa upande mwingine, mimi siyalipii Dar. Mwenye mtoto mchanga au mzee ana sababu yake, ayaulizie.

Kitasa nakijaribu mara mbili, na komeo la ndani. Siku hizi malipo mengi tunafanya kwa lipa namba, hatutembei tena na mabunda kiunoni kama zamani, lakini bado mwanamke anayelala peke yake anahitaji mlango unaofunga sawasawa.

Na jambo ambalo zamani sikulifikiria kabisa: jengo lenyewe. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakafa, wengine wakatolewa chini ya kifusi baada ya kukaa humo muda mrefu. Wapo kati yetu waliokuwa na wateja na marafiki mitaa ile. Sasa kabla ya kupanda juu naangalia kama chini kuna ujenzi unaendelea, kama kuna nguzo zimefunuliwa, na ngazi ziko wapi bila lifti. Nikikuta ngazi zimejazwa maboksi ya mizigo mpaka mtu hapiti, silali hapo hata wanipe bure.

Kuhusu bei, usione aibu kuuliza. Bei ya ubaoni ni ya mtu aliyekuja usiku mmoja bila kusema neno. Ukisema unalala siku tatu, na kwamba unakuja mara kadhaa kwa mwaka, mara nyingi wanashusha. Mimi hupunguziwa elfu tano hadi kumi kwa usiku, na kwa siku tatu hiyo ni nauli. Isipokuwa kipindi cha maonesho ya Sabasaba, mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, hapo hata kukipata chumba chenyewe ni kazi. Uliza kama bei ni pamoja na VAT, maana 18% ikija kuongezwa siku ya kutoka inauma, na dai risiti ya mashine, itakusaidia kwenye hesabu za biashara yako. Na wakikutajia bei kwa dola, wakumbushe kwamba tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Sema kwa adabu tu, watakupa ya shilingi.

Kuna wanaoniambia, mama, kalale Sinza au Ubungo, utapata chumba kizuri zaidi kwa pesa ndogo. Ni kweli, chumba utapata. Nimewahi kufanya hivyo. Lakini mimi mchana narudi chumbani mara mbili, kuweka sampuli na kunyoosha mgongo, na jioni nikitoka dukani nimechoka sitaki kusimama kwenye foleni ya magari. Tofauti ya bei iliishia kwenye bodaboda. Kwa aliyekuja kwa mkutano au kumwona mgonjwa hesabu itakuwa nyingine kabisa.

Chai ya asubuhi nitaisema kwa kifupi: uliza inaanza saa ngapi. Hoteli nyingi ni saa moja. Sisi wa mabasi ya alfajiri tunailipia chai tusiyoinywa, mayai na tikiti maji wanakula wengine. Omba wakufungie. Mahali pengine wamenifungia mayai mawili ya kuchemsha na chapati kwenye mfuko, nikala tukiwa Chalinze, na nikaona nimethaminiwa.

Hilo la kuthaminiwa ndilo linalonirudisha mahali ninapolala siku hizi. Hoteli yenyewe haina lifti. Mapokezi yake ni meza ya mbao na kitabu cha wageni kilichochanika jalada. Inaomba 70,000. Mara ya kwanza nilipolala pale niliondoka alfajiri nikaacha daftari langu la oda, lile lenye majina ya wateja wote na walichotanguliza. Nilikumbuka tukiwa tumeshapita Morogoro. Kabla sijajua nifanye nini, simu ikaita. Alikuwa dada wa usafi. Alilikuta kati ya shuka na godoro alipokuwa anatandua, akafungua ukurasa wa kwanza, akaona namba yangu, akaenda kuomba simu ya mapokezi. "Mama, usiwe na wasiwasi, daftari lako liko hapa, nimelifunga kwenye bahasha." Kesho yake lilipanda basi likanifikia Iringa, na aliyelipa kulituma ni hoteli.

Nilipoenda tena nilimtafuta, nikampelekea kilo mbili za maharage ya kwetu. Nikamuuliza analipwaje, akaniambia wanapata siku zao za mapumziko na mshahara hauchelewi. Kwenye ile hoteli ya marumaru niliwahi kumsikia mhudumu akilalamika ngazini kwamba miezi miwili hawajaona kitu. Tangu hapo huwa naongea na wasafishaji kabla hata ya kuongea na meneja. Wao ndio wanajua kama mashuka yanabadilishwa, kama kuna kunguni, kama mgeni akisahau kitu atakipata. Wasalimie, waulize walivyoamka, utasikia mengi.

Pale pia wana stoo. Mzigo wangu ukifungwa saa nane mchana na gari la mizigo linaondoka usiku, guta linashusha marobota mlangoni, mlinzi anayaandika kwenye daftari lake, yanakaa salama bila malipo. Kwingine nimewahi kutozwa 10,000, na kwingine wakakataa kabisa nikakaa juu ya mzigo wangu barabarani hadi magharibi. Kwako wewe unayekuja kuchukua bidhaa, ulizia stoo kabla ya kuulizia waifai.

Sisemi pale ni pazuri kila kona. Shawa inavuja kidogo, pazia la chumba nilicholala mwezi wa nane lilikuwa fupi na mwanga wa taa za barabarani uliingia. Niliwaambia, wakanihamishia chumba kingine usiku uleule. Nimejifunza kusema pale pale, kwa sauti ya chini, na kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua. Anayenyamaza hadi siku ya kutoka anaondoka na kinyongo tu, na mwenye hoteli hana tena la kumfanyia.

Safari yangu ijayo ni wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Nimeshawapigia: ghorofa ya pili, upande wa nyuma, siku tatu, 62,000 kila siku baada ya kupunguziwa, na siku ya mwisho chapati na mayai niyakute mapokezi saa kumi alfajiri.