Aliyeitikia amin kwa sauti kubwa

Wiki hii mmeuliza: mtu hufikia malengo yake kwa dua au kwa juhudi zake mwenyewe? Swali hili limenigusa pabaya, kwa sababu huku kwetu huulizwa aliyekwama, tena na aliyeshiba. Mmoja atamwambia, “Ongeza uradi, riziki yako imefungwa.” Mwengine atamwambia, “Vijana wa Pwani hamtaki kazi.” Wote wawili huenda zao wakijiona wamemsaidia. Hao ndio nataka kuwajibu.

Kakangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba makontena ya Nairobi na bara yapande treni ya SGR, ile reli mpya ya kutoka Mombasa, mnakumbuka wenyewe: malori yalilala yadini Changamwe na Miritini, vibanda vya chakula vya njia ya Mariakani vikakosa wateja, na watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Tajiri wake aliegesha magari. Kakangu si mvivu, na swala haimpiti. Alfajiri akitoka msikitini alikunywa chai kavu, kisha yadi moja hadi nyengine, leseni ameizungushia karatasi ya nailoni isilowe jasho.

Mamangu akaamua tusome dua nyumbani, Majengo. Hapa mniwie radhi, nitaeleza kwa kirefu. Tulitoa makochi ukumbini, tukatandika mikeka, tukafukiza ubani. Mama alitaka pilau ya nyama, hakutaka chai na mahamri, watu wasije wakasema. Pesa zile zilikuwa za kodi ya nyumba. Mimi ndiye niliyetumwa sokoni Marikiti, na njia nzima nilikwenda na hasira zangu. Watu walikuja, wakajaa. Ustadhi akamwombea kakangu kwa jina lake na la mamake, na kila alipotua watu wakaitikia amin. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni jamaa yetu mwenye malori matatu ya mchanga na kokoto, ambayo amri ile haikuyagusa hata kidogo. Siku zile zile alikuwa akitafuta dereva. Kakangu alishamwendea, akajibiwa, “Tutaona, inshallah.” Mimi nimesimama mlangoni na sinia, namtazama kakangu: kichwa kainamisha, anakunja na kukunjua ncha ya mkeka. Jamaa alikula, akanawa, akamshika bega akamwambia asikate tamaa, Mungu hamtupi mja wake. Kisha akaenda zake.

Mngeniuliza usiku ule ningesema juhudi, tena juhudi tupu. Na dini yenyewe haijatuambia tukae. Suratul Jumua, aya ya 10, inatuamuru swala ikimalizika tutawanyike katika ardhi tutafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Na yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, Mtume (s.a.w.) alimwambia amfunge kwanza, kisha atawakali. Masheikh wetu hutusomea sana hadithi hiyo, nami naipenda. Lakini kakangu kamba alikuwa nayo mkononi. Ngamia ndiye aliyekuwa uani kwa mtu mwengine.

Ila nikiandika haya nakumbuka jambo ambalo hasira ilikuwa imelifunika. Jirani yetu mmoja, Mtaita, Mkristo, hakuingia ukumbini siku ile. Aliketi barazani na wazee mpaka dua ikaisha, kwa heshima. Hapo barazani ndipo aliposikia kwamba kakangu hana kazi; sisi tulikuwa tumemficha, tuliona haya. Siku chache baadaye akamwita: kuna boza la maji linalouza maji mitaani huko Kisauni, dereva wake ameacha. Mshahara haukaribii ule wa trela, lakini kodi ikalipwa. Septemba 2022, Rais Ruto alipotangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa, kakangu alikuwa bado yuko kwenye boza. Yuko hapo mpaka leo.

Basi kazi haikutoka kwenye zile yadi alizozizunguka. Ilitoka kwa sababu Mama aliita watu. Yeye asema ni dua, nami sina la kumjibu. Mkinilazimisha kuchagua nachagua dua, ingawa nilianza barua hii nikikusudia kinyume. Lakini nataka iwe dua ambayo shida yatajwa wazi mbele za watu, na anayeitikia amin atazame kama kile anachoombwa Mungu hakiko uani kwake. Yule jamaa yetu sijamsamehe. Wala jibu langu lisichukuliwe kuwa la kila mtu: wenzake kakangu wa yadi ile ile nao walisomewa dua, nao waliamka alfajiri, na wako ambao hadi sasa hawajapata kitu. Sitamwambia hata mmoja wao kwamba hakuomba vya kutosha, wala kwamba hakuhangaika.