Mnaoanza sosholojia, msiruke hatua za katikati

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, wiki za mwanzo mtamsikia sana C. Wright Mills, Mmarekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1959 alitofautisha shida ya mtu binafsi na suala la jamii. Katika mji wa watu 100,000 akikosa kazi mmoja, alisema, tazama tabia na ujuzi wake. Wakikosa milioni 15 katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, jibu hutalipata kwa mtu mmoja mmoja. Hilo mtalielewa siku hiyohiyo. Kazi ni kulionyesha kwa mtu halisi.

Insha nyingi ninazosahihisha zinaruka. Sentensi ya kwanza, kijana hana kazi. Ya pili, chanzo ni utandawazi. Huenda ni kweli, lakini huo utandawazi ulimfikiaje, kwa mlango gani?

Chukueni kijana wa Muheza au Korogwe, mkoani Tanga, aliyezaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge. Hana shamba wala kiwanja, anaishi kwa kubeba zege na mizigo sokoni, na majirani wanamwita mvivu. Ulizeni kwanza kwa nini hana ardhi. Babu yake aliletwa kama manamba, yaani kibarua wa mashambani, pengine kutoka Kigoma, Songea au Msumbiji, kwa mkataba wa kukata mkonge. Alipewa chumba kambini. Ardhi yote ilikuwa mali ya shamba. Mshahara ulipokuwapo, kukosa ardhi hakukumuuma sana, na mwaka 1964 mkonge wa Tanzania ulifikia takriban tani 230,000.

Kisha zikaja kamba za plastiki zitokanazo na mafuta. Mkulima wa Marekani au Ulaya aliyekuwa akifunga nyasi kavu za ng'ombe wake kwa kamba ya mkonge akahamia huko, na bei ikaanguka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashamba mengi yalitaifishwa na uendeshaji wake ukadorora. Kipi kiliumiza zaidi, bei au uendeshaji? Mtawakuta wasomi wa pande zote mbili, nami naona hamna haja ya kuchagua upande kabla ya kusoma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 40,000. Korona, yaani viwanda vya kuchakata mkonge, zilisimama, mishahara ikakatika, na familia zikabaki kwenye vyumba visivyo na hati. Kijana wenu alizaliwa humo. Sasa mna njia inayopitika kutoka kamba ya ng'ombe wa ng'ambo hadi mlangoni kwake, na kila hatua mtu anaweza kuikagua.

Mkienda kuhoji, tangulizeni "lini" kabla ya "kwa nini". Ukimuuliza mzee kwa nini aliacha kazi, atakwambia alichoka, au msimamizi alikuwa mkali, naye hadanganyi. Amkia shikamoo, kaa, mwache azungumze, halafu uliza: "Mzee, uliacha mwaka gani? Wenzako wa kundi lile waliacha lini?" Kundi zima likiwa limeacha kipindi kimoja, ukali wa msimamizi hautoshi tena kueleza.

Nawaomba sana msimpoteze mtu mkishaipata jamii. Kambi hiyohiyo imetoa walimu na wauguzi. Msiwaruke kwa kuwa wanaharibu hoja, wala msikubali wanaosema "mbona yule ameweza?" kana kwamba wamemaliza mjadala. Kaeni na huyo aliyeweza, muulize nani alimlipia ada, aliishi kwa nani alipokuwa akisoma, nani alimpa taarifa ya nafasi ya kwanza ya kazi. Mara nyingi atataja shangazi au mama mdogo aliyehamia mjini mapema. Andikeni jambo hilo kwa uzito uleule mliompa mkulima wa Marekani, kisha mtafuteni huyo shangazi naye mumuulize aliondoka kambini lini.