Chagua siku tatu: kwa wewe unayeanza sataranji ya polepole mtandaoni

Ukifungua mchezo wa polepole kwenye tovuti za sataranji kama Lichess au Chess.com, utaulizwa unataka siku ngapi kwa kila hatua. Unaweza kuchagua moja, tatu, saba, hata kumi na nne. Wageni wengi huchagua moja kwa sababu ya hamu. Mimi pia nilianza hivyo. Nakuomba uanze na tatu.

Katika mchezo mmoja wa siku moja kwa hatua, nilikuwa na ngome na askari wawili, mwenzangu amebaki na ngome tupu. Alicheza saa nne usiku. Alfajiri nikauona ubao nikiwa tayari kwenye basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Nikasema nitacheza tukifika Dodoma, nitulie kidogo. Dodoma basi halikukaa, na Singida simu ikazima. Tulipofika Mwanza ilishapita saa sita usiku, na mchezo niliouhangaikia kwa wiki tano ulikuwa umeandikwa kushindwa kwa muda. Hatua yenyewe niliijua tangu alfajiri: kupeleka mfalme mbele ya askari wangu. Ingenichukua sekunde kumi.

Kwa hiyo unapochagua muda, fikiria siku yako ngumu kuliko zote katika mwezi: msiba, safari, umeme kukatika, bando kuisha. Muda utakaokuvusha siku hiyo ndio wako. Na hatua ukishaijua, icheze hapo hapo.

Jambo linalowachanganya wengi ni hili: siku hizo haziwekwi akiba. Ukijibu baada ya dakika mbili, hatua ijayo hupewi siku ya nne, unarudishiwa tatu zilezile. Kwenye ICCF, shirikisho la kimataifa la sataranji ya masafa lililoundwa mwaka 1951, utaratibu uliozoeleka ni tofauti: siku 50 kwa hatua 10, na zinazobaki unasonga nazo mbele. Ukikaa kwenye hatua moja zaidi ya siku 20, zile za ziada zinahesabiwa mara mbili. Huko anayecheza upesi hatua za mwanzo anazozifahamu anajiwekea siku za kutumia mambo yakikaza katikati ya mchezo. Mimi naupenda zaidi utaratibu huo, ila kwa anayeanza ni mzigo kuusimamia. Chess.com wana likizo pia: ukiiwasha, saa zako zinasimama. Iwashe kabla ya kuondoka nyumbani.

Muda mrefu kupita kiasi nao unaumiza. Piga hesabu: hatua 40 kwa kila mchezaji, kila mmoja akitumia siku zake zote 14, ni siku 1,120. Miaka mitatu! Ukirudi ubaoni umeshasahau kwa nini ulimtoa farasi pale. Dawa yake ni daftari. Kwa kila mchezo naandika mistari miwili, mfano: “Nataka ngome ishike safu ya c. Akisukuma askari h5, nisimjibu, niendelee.” Lichess wana hata sehemu ya kuandika maelezo pembeni ya ubao, na hakuna mwingine anayeyaona.

Kuna pia hatua za masharti: unaiambia tovuti kwamba mwenzako akicheza hivi, unijibie hivi. Ni msaada mkubwa pale ambapo jibu ni moja tu, kama kula kete iliyokula yako. Kwingine usiweke. Jibu likishatoka halirudi.

Kuhusu msaada wa nje, soma sheria za mahali unapocheza. Lichess na Chess.com wanakuruhusu kuangalia vitabu na hazina za hatua za ufunguzi katika mchezo wa siku nyingi, lakini programu ya kukutafutia hatua ni marufuku, na akaunti itafungwa. ICCF wanairuhusu. Usichanganye sheria hizi mbili.

La mwisho ni idadi. Michezo ishirini ya siku tatu haikupi siku tatu za kufikiri. Kila jioni unakuta michezo saba inakungoja, na unaanza kucheza ovyo ili umalize foleni. Anza na minne. Wiki mbili zikipita bila saa yako kushuka chini ya nusu siku kwenye mchezo wowote, ongeza wa tano.