Sanduku la Wasomaji: Miungu wa Miti na Mito Katika Katuni za Japani

Naomba kuuliza: katika Spirited Away na Princess Mononoke, ni viumbe gani wametoka kwenye masimulizi ya kale ya Wajapani, na ni wepi wametungwa studio? Mtandaoni kila mtu anasema lake. (Msomaji, Morogoro)

Tuanze na wanaosingiziwa ukale. Kaonashi, yule mweusi mwenye kinyago anayemeza watumishi wa nyumba ya kuogea, hayumo katika simulizi yoyote ya jadi. Mwongozaji Hayao Miyazaki alimtunga kwa ajili ya Spirited Away ya 2001. Vidude vya masizi vinavyobeba makaa ya mawe ni vyake pia: vilionekana kwanza katika My Neighbor Totoro ya 1988, vikaajiriwa upya miaka 13 baadaye. Totoro naye ni hivyo hivyo. Orodha za mtandaoni zinazowaita hawa "yokai wa jadi" (yokai ni viumbe wa ajabu wa masimulizi ya Kijapani) zinanakiliana tu.

Kodama, wale wa kwenye miti, ni wa kale kweli. Iliaminika kwamba mti mkongwe huwa na roho yake, kwamba anayeukata hupatwa na balaa, na kwamba mwangwi wa milimani ni roho hiyo inajibu. Ila umbo unalolijua wewe, vitoto vyeupe vinavyotikisa vichwa vikalia kama kayamba, ni la Princess Mononoke ya 1997. Mchoraji Toriyama Sekien, aliyechapa kitabu cha picha za viumbe wa aina hii mwaka 1776, alikifungua kwa kodama, na alichochora ni bibi na babu kando ya msonobari.

Kundi la tatu ndilo linalowakoroga watu: jina la kale, mwili mpya. Oshira-sama wa Spirited Away ni jitu nene jeupe lenye sura ya figili. Oshira-sama wa vijiji vya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ni jozi ya vijiti vya mforosadi vyenye kichwa cha farasi na cha msichana, huvalishwa vitambaa tabaka juu ya tabaka, na huhusishwa na ufugaji wa viwavi wa hariri. Daidarabotchi naye, katika masimulizi, ni jitu la ajabu ambalo nyayo zake ziligeuka mabwawa na maziwa. Miyazaki alichukua jina hilo akampa mungu wa msitu anapobadilika usiku.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, uliza kwanza: huyu ni wa wapi? Kiumbe wa jadi karibu kila mara ana kwao: wilaya, bwawa, mlima, hata daraja. Asiye na kwao mtilie shaka. Kisha tafuta mchoro wake wa kabla ya karne ya 20. Ukikuta sanamu za plastiki na fulana peke yake, jibu unalo.

Hata wazo la miungu kwenda kuoga lina kwao. Katika bonde la Toyama, mkoa wa Nagano, kuna sherehe za Desemba ambapo maji huchemshwa kwenye masufuria makubwa na miungu wa Japani nzima hualikwa kuja kuoga.

Mti wa Totoro umefungwa kamba na vikaratasi. Ni mapambo? (Msomaji, Tanga)

Ni mpaka. Kamba hiyo, shimenawa, husokotwa kwa mabua ya mpunga, na vikaratasi vyeupe vilivyokunjwa mshazari huitwa shide. Panapofungwa hapo, mahali pa kami, yaani mungu au roho ya mahali, pameanza. Kami anaweza kuwa wa mti, mwamba, maporomoko au mlima mzima. Mti wa kwenye filamu ni mkafuri, aina ambayo huko Japani huachwa ikue hadi shina linakuwa nene kama nyumba, mara nyingi ndani ya uwanja wa hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Japani. Tazama tena baba anavyowapeleka binti zake mbele ya ule mti, wanasimama wima, anaushukuru kwa kumtunza Mei, yule mdogo, wanainama. Hayo ndiyo maamkizi yenyewe, na filamu haikupoteza sekunde hata moja kuyafafanua.

Msitu uliompa Miyazaki mandhari hayo uko kwenye vilima vya Sayama, karibu na Tokorozawa. Wakazi walianza kuchangishana kuununua kipande kwa kipande usije ukajengwa, na kipande cha kwanza kilinunuliwa mwaka 1991.

Mji wa chuma katika Princess Mononoke: ni historia au ni ndoto? Na kweli kuyeyusha chuma kunaweza kumaliza msitu? (Msomaji, Geita)

Tanuru lile ni la kweli, na linaitwa tatara. Ni sanduku la udongo la mstatili, hupulizwa hewa kwa mivukuto kutoka pande mbili. Mchanga wa chuma na mkaa hutiwa kwa zamu, kidogo kidogo, kila baada ya nusu saa hivi, kwa siku tatu mchana na usiku. Mwishoni tanuru lenyewe huvunjwa ili kulitoa donge la chuma, na kazi inayofuata huanza kwa kujenga jingine.

Tatara moja bado huwashwa majira ya baridi huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, kwa ajili ya wafua panga. Ilifufuliwa mwaka 1977. Uwashaji mmoja hula takriban tani 10 za mchanga wa chuma na tani 12 za mkaa, na donge linalotoka ni la tani 2.5 hivi. Chuma safi cha upanga ndani yake hakifiki tani moja. Anayejua tanuri la mkaa la kienyeji ataelewa mara moja: tani 12 za mkaa ni kuni mara kadhaa ya uzito huo, na hapo ni kuwasha mara moja tu. Ndiyo maana wenye matanuru walihitaji milima mizima, na wenye busara waliigawa mafungu wakakata kwa zamu ya miongo, msitu uote tena. Mchanga nao ulipatikana kwa kubomoa mteremko na kuuosha kwenye mifereji, tope likashuka hadi mashamba ya mpunga. Ugomvi wa nguruwe mwitu na mafundi katika filamu una hesabu halisi nyuma yake.

Palipopinduliwa ni kwenye wanawake. Katika filamu wao ndio wanaokanyaga mivukuto. Katika desturi ya Shimane hawakuruhusiwa hata kuingia, kwa sababu Kanayago, mungu wa tatara, ni wa kike na alisemekana kuwa na wivu. Kwa maoni yetu Miyazaki alifanya hivyo makusudi: Bibi Eboshi, mkuu wa mji ule wa chuma, hamwogopi mungu yeyote, na anaanza na yule wa karakana yake mwenyewe.

Kuhusu msitu, wachoraji walikwenda kisiwa cha Yakushima, kwenye miti ya sugi ambayo baadhi ina zaidi ya miaka 1,000, na pia Shirakami kaskazini. Maeneo yote mawili yaliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1993. Mbwa mwitu wa Japani ndio hutawaona tena: wa mwisho kuthibitishwa alipatikana Nara mwaka 1905.

Kappa ana masharti gani? (Msomaji, Kisumu)

Kappa ni kiumbe wa mitoni katika masimulizi ya Kijapani. Ana kisahani cha maji utosini. Maji yakimwagika, nguvu zimekwisha. Ni mwenye adabu, kwa hiyo ukimwinamia naye huinama, na hapo yanamwagika. Anapenda matango na mieleka. Wazazi walimtumia kuwatisha watoto wasicheze kwenye vina vya mito. Filamu ya kumjua vizuri ni Summer Days with Coo ya 2007. Mji wa Tono, mkoa wa Iwate, huuza hata kibali cha kumkamata: bwawa moja tu, mboga mbichi kwa chambo, na maji ya kisahani yasimwagike. Bado hajakamatwa hata mmoja.

Katika Suzume, lile linyoo jekundu na mawe ya kulizuia limetoka wapi? (Msomaji, Bujumbura)

Filamu hiyo ya Makoto Shinkai (2022) imebadilisha mnyama. Katika masimulizi anayetikisa ardhi ni kambare mkubwa, namazu, aliyebanwa na jiwe liitwalo kaname-ishi. Mawe hayo unaweza kuyaona leo katika mahekalu ya Kashima na Katori, mashariki mwa Tokyo. Juu ya ardhi huonekana kichwa kidogo tu: la Kashima limebonyea, la Katori limebinuka. Mji wa Edo, ndio Tokyo ya leo, ulipopigwa na tetemeko mwaka 1855, picha za kambare anayeadhibiwa ziliuzwa mitaani kwa wingi.

Wanangu wana miaka 5 na 11. Nianze na ipi? Nina wasiwasi pia kwamba haya ni majini. (Mama msomaji, Mombasa)

Mdogo mwonyeshe My Neighbor Totoro. Spirited Away ina wazazi wanaogeuka nguruwe mapema kabisa, na hapo ndipo watoto wa miaka 5 hulia, subiri kidogo. Princess Mononoke ina mikono na vichwa vinavyokatwa kwa mishale. Marekani iliipa alama ya PG-13, yaani onyo kwa wazazi wa walio chini ya miaka 13, hivyo hata huyo wa 11 itazame wewe kwanza. Pom Poko (1994) inachekesha, lakini tanuki wake, wanyama wa porini wa Japani wanaofanana na mbweha, hutanua korodani zao na kuzitumia kama miavuli, jinsi ngano zinavyosimulia. Jiandae kwa maswali.

Kuhusu majini: hakuna anayepandisha wala kupunga kitu katika filamu hizi, na hakuna anayemfundisha mtazamaji ibada. Uamuzi wa kidini ni wako, mama. Ukiamua kuwaonyesha, chagua sauti ya Kijapani yenye manukuu yaliyotafsiriwa kutoka Kijapani chenyewe. Manukuu yaliyonakiliwa kutoka sauti ya Kiingereza hufuta majina: Daidarabotchi huwa "mtembea usiku" tu, na korodani za tanuki huwa "mifuko".