Kufungua kliniki kwenye ploti unayonunua Kenya: anza na historia ya ardhi

Dada, umeuliza kama hati miliki aliyokuonyesha muuzaji inatosha ulipe, ujenge kliniki na uajiri watu watano. Mimi hushughulikia hesabu na makaratasi ya zahanati ya kibinafsi hapa Kenya, na njia hiyo nimeipita. Hati peke yake haitoshi. Makosa ya mishahara na bima yanarekebishika, lakini ardhi ikiwa na kasoro, jengo zima linakwenda nayo.

Isome kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 21 Aprili 2023. Ploti yenyewe iko Nyali, ufuoni. Aliyegawiwa kwanza, mwaka 1989, ni Rais Daniel arap Moi. Ikauzwa, ikauzwa tena, hadi Dina wakaimiliki kwa hati. Mwaka 2017 kaunti ikaingia na kubomoa ukuta ili watu wapate njia ya kwenda baharini. Dina wakashtaki, wakashindwa hadi ngazi ya mwisho. Mahakama ilisema eneo lile lilitengwa kwa ajili ya umma na ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, basi hapakuwa na haki ya kumpa mnunuzi yeyote aliyefuata. Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ikaeleza kwamba barua ya ugawaji, yaani barua ya serikali ya kukupa ploti, si umiliki. Kwa hiyo akikwambia muuzaji "hati inatoka, barua hii hapa", usitoe hata shilingi.

Zahanati yetu ilipokuwa inatafuta mahali pa kuhamia, tulipata ploti nzuri, hati safi, na upekuzi kwa msajili wa ardhi ukatoa jina la muuzaji. Wakili wetu hakuishia hapo. Alitaka kujua nani aligawiwa kwanza, kwa barua gani, masharti yake yalitimizwa lini, na ramani ya upimaji ya wakati ule inasema nini. Mpima ardhi alipoileta, kumbe sehemu kubwa ya ploti ilikuwa imeachwa iwe barabara. Tukajitoa kabla ya kulipa amana. Ada za wakili na mpima zilituuma, lakini nakusihi uzilipe. Kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, na kaunti ikuidhinishie kubadilisha matumizi kabla hujachimba msingi.

Upande wa waajiriwa hesabu ni nyepesi. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHIF imechukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF: 2.75% ya mshahara wote, isipungue shilingi 300, bila kikomo cha juu. Wa 30,000 hukatwa 825, na wa 100,000 hukatwa 2,750, ilhali zamani alikuwa akilipa 1,700. Hiyo huilipi wewe, ila ni wajibu wako kuikata na kuifikisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ada ya nyumba za bei nafuu ni 1.5% kwake na 1.5% kwako, na NSSF, mfuko wa pensheni, ni 6% kila upande hadi kikomo chake. Hizo mbili ndizo zinazogusa mfuko wako, ziweke kwenye bajeti kabla hujatangaza kazi.

Kuhusu kliniki yenyewe, leseni ya baraza la madaktari (KMPDC) ndiyo inatangulia, mkataba na SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, unafuata. Sheria ya bima hiyo imepitia misukosuko: Mahakama Kuu iliibatilisha Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo Septemba. Usipange kuishi kwa malipo ya bima pekee mwaka wa kwanza.

Kuna jambo ambalo wenye kliniki ndogo hulipuuza, na linaniudhi kwa sababu ni siri za wagonjwa. Chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019, biashara yenye mapato chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 husamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Anayehudumia wagonjwa hasamehewi, hata akiwa na wafanyakazi watano. Jisajili kabla hujafungua faili la mgonjwa wa kwanza, na kabati la mafaili liwe na kufuli.