Maswali ya Wasomaji: Kulinda Tumbo la Gari

SWALI: Salaam wahariri. Nina Prado ninayopandia Amani mara mbili kwa wiki. Juzi jiwe limepasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Nimeshabadilisha, na sasa fundi anataka kunichomelea bati la milimita 2 chini ya injini. Nikubali? – Msomaji, Muheza

JIBU: Pole kwa sampo. Usikubali. Bati jembamba hivyo likigongwa linabinuka juu na kuisukuma sampo, kwa hiyo utakuwa umelipia kinga na sampo inapasuka vilevile. Tafuta chuma cha milimita 4. Kipande cha sentimita 80 kwa 60 kina kilo 15 hivi, na springi za mbele zitakibeba bila taabu. Aluminiamu ni nyepesi, ila inataka milimita 6, na juu ya jiwe hunata pale ambapo chuma kingeteleza.

Kuchomelea hapana, kwa sababu bati lazima lishuke kila unapokagua uvujaji. Lifungwe kwa bolti kwenye chesisi na mihimili yake ya kukatiza. Kamwe lisishikwe na injini wala giaboksi: hivyo vimekalia maunti (vikalio) za mpira, na pigo litafika palepale unapopakinga. Bolti sita za milimita 10, zenye alama ya uimara 8.8 kichwani, zinatosha. Vichwa vyake vizamishwe ndani ya bati, la sivyo mawe yatavisaga na siku ya kufungua utahitaji grainda.

Kati ya bati na sampo iachwe sentimita 2 hadi 3. Kupima ni rahisi: weka donge la unga wa ngano uliokandwa juu ya bati, usawa wa sampo, funga bolti zote, fungua tena, kisha pima unene wa donge lililobanwa. Ukingo wa mbele ukunjwe kwenda juu ili gari lipande jiwe badala ya kulichimba. Toboa tundu la sentimita 5 chini ya nati ya kumwagia oili, na matundu marefu nyuma ya kutolea joto na tope. Ukiongeza bati la pili chini ya giaboksi, yapandane kama makuti: ukingo wa nyuma wa bati la mbele ukae chini ya lile la pili.

Jambo moja wengi hulipuuza: sampo iliyobonyea bila kuvuja nayo ifunguliwe. Bonde hilo laweza kuziba mdomo wa bomba linalofyonza oili, na injini ikafa huku oili ikiwa imejaa.

SWALI: Napita sana ufukweni, Pangani hadi Saadani. Nimeshauriwa nipulizie oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Ni sawa? – Msomaji, Pangani

JIBU: Hapana. Oili chafu hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira, hudondoka ardhini, na vumbi huigandia likatunza chumvi. Osha kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile, na usisahau ndani ya chesisi: ingiza mpira wa maji kwenye matundu yake mpaka maji yatoke meupe. Gari likikauka kabisa, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka praima (rangi ya kwanza), kisha nta ya kuzuia kutu. Ukipaka juu ya unyevu umeifungia chumvi humo humo. Diski za breki na ekzosi zisiguswe.

Kagua pia majani makavu juu ya mabati ya kinga na karibu na ekzosi. Hushika moto.

SWALI: Difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) ya Land Cruiser yangu inagonga visiki shambani kwenye mkonge. Niweke springi ndefu? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Springi huinua bodi. Difu ya ekseli nzima, yaani mhimili mmoja toka gurudumu hadi gurudumu, haipandi hata kidogo, maana imekaa kwenye magurudumu. Kinachoipandisha ni tairi: tairi refu zaidi kwa sentimita 5 huipa difu sentimita 2.5 tu. Kwa hiyo usikipitishe kisiki katikati ya magurudumu. Kikiwa kifupi na butu, kipandishe tairi polepole, na kilichochongoka kizunguke. Difu ikishagongwa, angalia oili yake. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwagwe yote, na mpira wa kupumulia difu uvutwe hadi juu karibu na injini.