Paka wa pwani hauawi na njaa

Watu wengi wakimwona paka wa mtaani wanawaza chakula. Huku Mikindani, Mtwara, chakula ndiyo shida yake ndogo kuliko zote. Asubuhi wavuvi wakirudi kuna vichwa vya samaki, mchana kuna makombo ya mama ntilie, usiku kuna panya wa kwenye magofu ambao sijawahi kuona wakipungua. Nimefuga paka ndani na nimewaangalia wa nje kwa miaka mingi, na katika wote niliowazika simkumbuki aliyekufa kwa njaa. Wanakufa kwa sumu. Wanakufa kwa pikipiki na mbwa, na wachanga wanakufa kwa sababu wanazaliwa tu, kila mara, bila mtu wa kuwatazama. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza haumhusu paka. Unamhusu jirani.

Baada ya mavuno nyumba nyingi za huku zina mahindi, karanga na makopa ya muhogo, na panya wana habari hizo. Muuza sumu anapita na kipaza sauti chake: panya, mende, kunguni. Anayenunua hana ugomvi na paka wako, analinda gunia lake. Lakini panya aliyekula sumu hafi palepale. Anaanza kulegea, anatoka mchana kweupe, na hakuna paka atakayeacha windo rahisi namna hiyo.

Kwa hiyo nenda kabla ya sumu kutegwa. Mimi huanza na bibi wa nyumba ya nyuma yangu, kwa kuwa ghala lake ndilo kubwa.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huyo paka wako kaniibia tena?"

"Hajakuibia. Nimekuja kuuliza, mwaka huu utatega?"

"Nisipotega tutakula nini, panya?"

Ana haki yake, na ukimbishia umekwisha. Tulichokubaliana ni hiki: nilimpa mitego miwili ya chuma aitumie ndani, na siku akiona lazima aweke sumu ananiambia, nami namfungia paka. Kila asubuhi mizoga ya panya inaokotwa na kufukiwa, haitupwi jalalani. Na yeye ndiye sasa anayewaambia wengine wa upande ule, maana neno la bibi lina uzito kuliko langu. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Ni vizuri uijue. Ila usiende nayo kwa jirani. Ukishaitaja sheria, mwakani hakuna atakayekuambia katega wapi.

Paka akishakula sumu, angalia dalili. Zipo sumu zinazozuia damu kuganda, na hizo huchukua siku kadhaa: paka anajitenga, ufizi unakuwa mweupe, anahema kwa shida, pengine damu inamtoka puani. Hapo vitamini K inaweza kumwokoa, daktari wa mifugo akimwahi. Nyingine ni za haraka, mate yanamtoka, anatetemeka, anapinda mwili. Kila mtu atakuambia mnyweshe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu, na ukimmiminia paka asiyejiweza yataingia kwenye mapafu. Tafuta pakiti ya ile sumu, au ipige picha, uende nayo kwa daktari. Jina lililoandikwa pale litamsaidia kuliko maelezo yako yote.

Kitu kingine kidogo chenye faida kubwa ni mkanda wa shingoni. Paka mwenye kipande cha kitenge shingoni anaonekana ana mwenyewe, na mtu hufikiri mara mbili kabla ya kumpiga jiwe, hata paka akiwa mweusi, maana paka weusi wana mzigo wao wa tuhuma za uchawi. Ushone na mpira wa nguo, usifunge kwa kamba. Paka hupita mahali pembamba, mkanda usiovutika ukinasa kwenye msumari au tawi unamnyonga. Vidole viwili viweze kupita chini yake.

Usiku alale ndani. Ukimlisha ovyo mchana kutwa hutamwona saa ya kulala. Mimi mlo mkubwa huuweka baada ya magharibi tu, sahani ileile, mlango uleule. Akishakula nafunga. Usiku ndipo mapaka shume wanapopigana, na jeraha la jino la paka hujifunga haraka juu huku usaha ukijaa chini. Ukiona uvimbe wa moto na hataki kuguswa, usiukamue, mpeleke.

Sasa suala la uzazi, ambalo watu hawapendi kulizungumza. Paka jike anaweza kupata mimba akiwa na miezi minne au mitano, mwenyewe bado mtoto. Mimba ni siku zipatazo 63, na anaweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Unaweza kulisha paka wote wa Feri, soko la samaki la Mtwara, kwa moyo safi, kisha mwakani ukawakuta mara mbili yao, wagonjwa, wenye macho ya usaha. Kulisha bila kuhasi ni kuongeza wa kufa. Naona ni afadhali fedha ya dagaa wa mwezi mzima uiweke umfunge kizazi jike mmoja.

Madaktari wetu wa mifugo kazi yao kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo uliza mapema kwenye ofisi ya mifugo ya halmashauri nani anafanya upasuaji wa paka jike. Dume ni kazi fupi. Jike anafunguliwa tumbo na lazima apewe dawa ya usingizi. Asiyezungumzia usingizi, mshukuru uondoke na paka wako. Mkijikusanya majirani kadhaa wenye paka, daktari huona safari ina maana. Ulizia pia saa za kumnyima chakula kabla ya kazi, kwani kitoto hakifungishwi kama paka mkubwa. Baada ya hapo akae ndani mpaka kidonda kifunge, asikilambe. Jivu, tumbaku na dizeli havihusiki na kidonda.

Hoja inayowakubalisha majirani, kwa nilivyoona, siyo huruma. Ni zile kelele za usiku juu ya bati. Wengine husema ni jambo baya linatangulia, wanatoka na mawe. Ni jike anayetaka dume na madume yanayomgombania. Akifungwa kizazi kelele zake zinakwisha, na hapo hata asiyempenda paka anachangia.

Dawa za nyumbani zimeua paka wengi waliopendwa. Parasetamoli, hata kidonge kimoja, inatosha kumuua, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuisafisha. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin ni vivyo hivyo, na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kabisa hata ukiizimua. Mafuta ya taa nayo yanachoma ngozi, na atayalamba. Viroboto wachache chana kwa kitana chembamba, ukikizamisha kwenye maji ya sabuni. Kuanzia Mei, watu wanapopuliza mikorosho, salfa na viuatilifu vya maji vikae kwenye stoo yenye mlango. Paka hujilamba mwili mzima, kinachogusa manyoya kinaishia tumboni.

Kuhusu chakula, samaki ni sawa, ila mchemshe. Baadhi ya samaki wabichi, hasa jamii ya dagaa, wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka anayekula hao tu kila siku huanza kuyumba na kuinamisha kichwa. Moto unakiharibu kitu hicho. Ugali na mchuzi peke yake haumtoshi; paka ni mla nyama, mwongezee utumbo wa kuku, firigisi, moyo.

Moto hausaidii kwa bunju, yule samaki mwenye sumu anayejivimbisha. Sumu yake iko zaidi kwenye maini, mayai na ngozi, na hata ukimchemsha mpaka alainike bado inaua. Wavuvi wanamjua na wanamtupa, tatizo ni pale anapotupwa. Nimewaomba vijana wa ufukweni wakimpata wamfukie mchangani, na wengi wamekubali bila maneno.

Halafu mshipi na ndoana. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma ya paka, usiuvute. Uzi ulioshika ndani ukivutwa unakata utumbo. Ukate ubakize kipande kifupi kinachoonekana, umkimbize kwa daktari.

Vitoto vilivyokutwa gofuni visiokotwe haraka. Mara nyingi mama ameenda kutafuta. Kaa mbali, subiri saa kadhaa, ukirudi vikiwa na matumbo yaliyojaa na vimelala kimya, vina mama. Vikiwa vya baridi na vinalia mfululizo, joto kwanza: chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga. Kitoto cha baridi hakiwezi kusaga maziwa. Dawa bora kuliko zote ni jike mwingine anayenyonyesha; wengi hupokea watoto wa wenzao. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kuhara kunawaua upesi. Ukilazimika kuwalisha mwenyewe, wawe wamelalia tumbo, siyo chali, na baada ya kula wapanguse nyuma kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, maana hawawezi kukojoa wenyewe.

Lindi na Mtwara zilikuwemo kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na kichaa cha mbwa ulioanza 2010, kwa hiyo wengi tunakumbuka mbwa wakipangwa foleni ya chanjo. Tunachosahau ni kwamba paka naye anaugua na anaambukiza. Achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha arudiwe kama daktari atakavyoelekeza. Ukiumwa au kukwaruzwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na uende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza hakuna tiba.

Mjamzito hana sababu ya kumtupa paka. Kinachoogopwa ni toksoplazma, kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni; kikitoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja au zaidi kabla hakijaweza kuambukiza. Mchanga anaojisaidia paka ukizolewa kila siku, na mtu mwingine wa nyumbani, hatari inapungua sana. Kikubwa ni nyama iive na mikono ioshwe.

Wale mnaohamia shamba msimu wa korosho, msimwachie paka mlango wazi mkadhani atajitegemea. Mpe mtu, kwa jina na kwa makubaliano, mwachie na chakula chake. Anapokwenda nanyi, au anapopelekwa kwa daktari, apande bodaboda ndani ya kikapu cha ukindu kilichofungwa kanga juu. Paka wa kupakatwa ataruka honi ya kwanza ikilia.